Ng'ombe Walioishia Kwenye Minyaa

Kigango chetu cha Kasoli kilikuwa na wasomaji wawili. Mmoja alikuwa anajua kusoma, na mwingine nilikuwa mimi. Yule anayejua akahamia Bariadi mjini kufungua duka, maana soko huria lilikuwa limeshaingia na kila mwenye akili alikuwa anafungua duka. Nikabaki mimi na kidato changu cha pili ambacho sikukimaliza, pamoja na sauti niliyojifunzia kuswaga ng'ombe.

Krismasi ilipokaribia, katekista akanipa somo la mkesha: ile orodha ya mababu wa Yesu kwenye Mathayo. Fulani akamzaa fulani, fulani akamzaa fulani, mpaka ulimi unafunga mafundo. Kuna majina mle ambayo nina hakika hata wenyewe walikuwa na jina lingine la nyumbani. Kwa hiyo nikawa najizoeza kila jioni, nimekaa kwenye kigoda uani kwa babu, natamka kwa nguvu, kuku wanakimbia.

Hapa nieleze kidogo. Babu huyu ndiye aliyemzaa mama yangu, ila mimi nilimwita baba. Mama alinizaa akiwa bado yuko kwao, hajatolewa ng'ombe. Kwetu Wasukuma mtoto wa namna hiyo haendi popote. Ni wa kwa mama yake, anahesabiwa pamoja na watoto wa babu. Yule aliyenizaa alikuwa mtu wa Migato, na nilimjua kwa kusikia tu, kama unavyoijua Dar es Salaam. Mama alifariki sijaanza shule, na babu hakuwa na mwana mwingine wa kiume. Yaani mji ule wote, ng'ombe, mashamba ya pamba, mpaka mbwa, ulikuwa unanitegemea mimi. Hapo unaona jinsi mji ulivyokuwa na bahati mbaya.

Babu hakubatizwa. Alikuwa na kijumba chake cha mizimu nyuma ya ghala, na mambo ya padri aliyaona ni ya watu wenye nafasi. Lakini ile orodha aliipenda. Aliacha kusuka kamba akanisikiliza.

"Hapo sasa dini yenu imeanza kuwa na akili," akasema. "Mtu anatajwa kwa watu wake. Endelea."

Siku moja mchana akaja mwanamke na baiskeli, ametapakaa matope mpaka magotini. Akapiga goti mbele ya babu, akamwamkia kwa Kisukuma kama mjukuu anavyomwamkia babu yake. "Mwadila, guku." Babu akaitikia. Kumbe ni dada yangu kwa yule mzee wa Migato, nami sikuwahi kumwona. Akasema baba yao anaumwa, miguu imevimba, chakula hakipiti. Hana mtoto wa kiume. Amezaa mabinti watupu, wote wameolewa, na ng'ombe wa mahari yao wamejaa zizini. Anaomba alete ng'ombe sasa anikomboe, niwe mtoto wake, nipate kumtupia udongo wa kwanza siku atakapolala.

Babu aliendelea kusuka kamba mpaka yule dada akaanza kuchora chini kwa kidole.

"Kamwambie hivi," babu akasema. "Alipokuwa mzima hakuniletea hata ukwato. Leo anataka kuniletea jeneza?"

"Yeye anasema alileta, guku."

"Ukwato mmoja sijauona."

Dada akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyekuwa karani wa siku ile. Mimi siku ile nilikuwa mgongoni kwa mama, pengine nimelala. Nikamsindikiza mpaka njiani, nikamtania kwamba baiskeli yake imekula matope kuliko jembe langu. Hakucheka. Akasema, "Kaka, njoo umwone tu. Hana siku nyingi."

Basi nikabaki na hesabu ya mafumbo, na mafumbo ndiyo yaliyoniondoa shule. Ng'ombe wakija wakapokelewa, mimi ni wa Migato, na babu anabaki mzee mmoja na mji mtupu. Wasipopokelewa, yule mwingine anazikwa kama mti, hana mtu. Na kote huko hakuna aliyeniuliza nataka nini. Afadhali, maana nisingejua.

Nikarudi kwenye majina. Nikafungua Luka, kwa sababu ya uvivu nasema kweli, nikitumaini yeye ana orodha fupi nimwombe katekista tubadilishe. Kumbe ya Luka ni ndefu zaidi, tena inarudi kinyumenyume. Nikaisoma hivyo hivyo. Babu akainua mkono.

"Rudia hapo mwanzo."

"Yosefu, mwana wa Heli."

"Juzi ulisema aliyemzaa ni Yakobo."

"Juzi alikuwa Mathayo, baba. Huyu ni Luka."

"Walikuwa mji mmoja hao?"

"Sidhani."

"Nani alitoa ng'ombe?"

"Haijaandikwa."

"Kitabu kinene namna hiyo," babu akasema, akaichukua Biblia akaipima mkononi kama jogoo wa gulioni, "na hakijaandika nani alitoa ng'ombe!"

Ningecheka, na kwa kawaida ndiyo kazi yangu. Lakini nilijua hamwulizii Yosefu. Akaendelea kusuka kamba yake huku anatoa hukumu: mwenye kuzaa ni mmoja, mwenye mtoto ni mwingine, na wazee wale waliandika kesi iliyokwisha zamani. Mimi usiku huo nilikosa raha. Tangu utoto niliambiwa kwamba maneno yale ni kweli tupu. Sasa ni kweli ipi? Kama Mathayo na Luka, watu wazima wa Mungu, hawakupatana juu ya baba wa seremala mmoja, mimi nitawapatanisha vipi wazee wawili wa Simiyu?

Padri wetu alikuwa anakuja kwa pikipiki mara moja kwa mwezi. Nikamsubiri baada ya misa, anakula viazi nyumbani kwa katekista. Nikamwuliza. Akafuta mdomo.

"Wengine wanasema Yakobo na Heli walikuwa ndugu, mmoja akafa bila mtoto, mwenzake akamrithi mjane ili kumzalia marehemu. Wengine wanasema orodha ya Luka ni ya upande wa Maria, kwamba Heli alikuwa baba yake Maria."

"Na wewe padri unasemaje?"

"Mimi nasema kila mmoja alikuwa na sababu ya kuandika alivyoandika. Ukiwalazimisha waseme neno moja, unaweza ukapoteza yote mawili. Unauliza kwa nini?"

"Kuna mzee nyumbani ana kesi, padri."

Akacheka, nami nikacheka.

Njiani nilijifanya msomi. Jibu la ndugu wawili nikaliacha, la sababu mbili nikaliacha, nikabeba lile la Heli kuwa baba wa Maria. Yesu amehesabiwa kwa baba wa mama yake! Kama mimi kabisa! Nikampelekea babu. Akapiga paja. "Padri wenu ameanza kukomaa," akasema, na jioni hiyo nilipewa paja la kuku ambalo kwa kawaida lilikuwa la kwake.

Lile paja nililila huku naikumbuka mizani. Msimu wa pamba uliopita, pale Kasoli, walikuja wanunuzi wawili binafsi wakafunga mizani kila mmoja upande wake wa barabara. Gunia lile lile, ukilipima huku ni zito, ukivuka barabara limekonda. Watu tukawa tunalibeba gunia mpaka kwenye mizani inayotupenda. Enzi za chama cha msingi mizani ilikuwa moja, ukaibiwa bila wasiwasi. Sasa nilijiona nimebeba Yosefu wa watu mgongoni, nimevuka naye barabara mpaka kwenye mizani inayompendeza babu.

Nikachukua baiskeli nikaenda Migato.

Yule mzee alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba. Nilipoingia niliona pua yangu. Pua hii nilidhani niliitengeneza mwenyewe kwa kuanguka anguka, kumbe ilikuwa na mwenyewe. Akanishika mkono hakuuachia.

"Nilileta," akasema kabla hata ya salamu. "Nataka ujue. Tuliwaswaga mimi na kaka yangu, marehemu sasa, tukafika mpaka kwenye wigo wa minyaa wa kwa babu yako. Mama yako akatoka na wewe mgongoni, akapiga vigelegele. Babu yako akaja na fimbo, akawakagua pale pale nje. Akasema mtamba mmoja ni kilema, namtukana. Nikasema nitambadilisha. Akasema warudi wote na nisikanyage tena. Vigelegele vikakatika. Nasikia mpaka leo vilivyokatika."

Nikaweka mkono wangu wa pili juu ya wake.

"Mama yako hakukuambia?"

Nilipokuwa mdogo nikimwuliza mama baba yangu yuko wapi, alijibu neno moja tu siku zote: yuko njiani. Nikamwambia hivyo. Akageukia ukutani.

Nilirudi nikamkuta babu anaziba wigo, anapanda vijiti vya minyaa pale ulipotoboka. Nikashika kijiti nikamsaidia.

"Baba, wale ng'ombe wa Migato walifika?"

"Hakuna ng'ombe wa Migato aliyeingia zizini mwangu."

"Sijauliza kuingia. Nimeuliza kufika."

"Siku hizi umekuwa hakimu? Shika kijiti sawasawa, utomvu utakuingia machoni."

Nikafurahi kwa muda mfupi, furaha ya mjinga. Nilikuwa nimewapatanisha! Mmoja alisema walifika, mwingine anasema hawakuingia. Walifika kwenye minyaa, hawakuingia zizini. Hakuna mwongo. Padri angeniajiri. Lakini kadiri nilivyokuwa nachomeka vijiti, nikaona maneno ndiyo yamepatana, watu hawajapatana. Hesabu yangu ilionyesha ng'ombe walisimama wapi. Haikuonyesha vigelegele vya mama viliwekwa wapi. Kwa babu havikuwepo kabisa, hata siku moja hakuvitaja, na bila vile vigelegele mama yangu anakuwa msichana aliyedanganywa tu. Pamoja navyo, ni bibi harusi aliyenyang'anywa siku yake na baba yake mwenyewe. Naye ndiye mzee aliyenilea, akanilisha, na alipokuwa na paja moja la kuku akanipa mimi.

Habari ya msiba ilikuja siku chache kabla ya Krismasi. Nilimwambia babu nakwenda. Akasema, "Miguu ni yako."

Kaburi walilichimba kando ya zizi. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo umekuwa kama ugali. Nikajisogeza mbele na dada zangu. Mzee mmoja wa ukoo akanizuia kwa fimbo, si kwa ubaya, akaiweka tu kifuani kwangu.

"Kijana, wewe umekuja kama nani?"

"Mzee, si unaiona pua?"

Wachache wakaguna kwa kicheko. Yeye hakucheka.

"Pua tunaiona. Pua haina ng'ombe. Ng'ombe wako walipokelewa?"

Hapo ningeweza kumwambia ile hesabu yangu nzuri, ya kufika na kuingia. Niliifungua mdomoni nikaiona ilivyo nyepesi. Kama ningesema walipokelewa, ni uongo. Kama ningesema hawakuja, ningemzika yule mzee na uongo juu yake.

"Sijui," nikasema.

"Asiyejua hukaa na wageni."

Nikarudi nyuma kwa wageni. Udongo wa kwanza akautupa mtoto wa ndugu yake, kijana aliyekuwa anaangalia viatu vyake visichafuke. Dada yule wa baiskeli akaniangalia mara moja, akainamisha kichwa. Kule nyuma mtu mmoja akaniuliza mimi na marehemu tulijuana vipi. Nikamwambia ni habari ndefu, inaanzia kwa Adamu.

Nilifika nyumbani jua linashuka. Babu alikuwa mlangoni kwa zizi, ng'ombe wanaingia. Hakugeuka.

"Wamemzika?"

"Wamemzika, baba."

"Nani alitupa udongo?"

"Mtoto wa ndugu yake."

"Na wewe?"

"Nilikaa na wageni."

Ng'ombe wa mwisho akaingia. Babu akachukua gogo la kufungia mlango, akalishika tu mkononi muda mrefu bila kulifunga.

"Ungetupa," akasema.

"Kwa ng'ombe wepi, baba?"

Aliweka gogo mahali pake, akaenda kando ya wigo, pale tulipopanda vijiti vipya, akainama kuangalia kama vimeshika. Havikuwa na haja ya kuangaliwa. Minyaa inashika hata ukiitupa chini. Nilimsubiri mpaka giza likanifichia mgongo wake, na hakuongeza neno, si siku hiyo, si baadaye, mpaka naye akafariki, miaka kadhaa mbele. Yeye nilimtupia udongo wa kwanza, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Mkesha wa Krismasi ile nilisoma Mathayo. Majina yote yale magumu niliyapitia kama nayashuka kwa baiskeli, wakinamama wa kwaya wananiangalia kwa mshangao. Nilipofika pale chini, kwa Yakobo na Yosefu, sauti ikakatika. Katekista akadhani nimepoteza mstari, akaja taratibu akaniwekea kidole pale nilipoishia. Mstari nilikuwa nauona.