Nyuki Ndani ya Kabati la Bi Harusi

Bhoke alizaliwa upande wa Wakuria, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, katika boma lenye mizinga mingi kuliko vyungu. Baba yake, mzee Masese, aliwafundisha wanawe wa kiume kupanda miti na kuvuna asali. Bhoke alipewa kazi ya kukaa chini na kupuliza moshi wa kinyesi kikavu cha ng'ombe. Mtoto wa kike hapandi mti, aliambiwa. Basi akakaa chini, akapuliza, akatazama. Alitazama miaka tisa. Alipoolewa Rongo na Omanga, mwenye kinu cha kusaga mahindi, aliweza kusikia mvumo wa nyuki akajua kama wameshiba, wamekasirika au wanajiandaa kuhama. Lakini sega lenyewe hakuwahi kulishika.

Kule Rongo wakamwita Nyar Kuria, yaani binti wa Wakuria, na jina likamganda. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua anachokijua. Kisha nyuki wakaingia kwenye choo cha jirani yake Damaris, na watu wakaja na mafuta ya taa na kiberiti.

"Ngojeni kwanza," Bhoke akasema.

Akavaa koti la mvua la mumewe, akajifunga chandarua kichwani, na jioni ile akawahamishia wale nyuki kwenye sanduku kuukuu la mbao. Hakuna aliyeumwa ila yeye, mara mbili. Tangu siku hiyo simu yake haikupoa.

Omanga hakupendezwa. "Watu kwa kinu wananiuliza kama nimeoa mganga," alilalamika.

"Waambie umeoa mtu wa kuhamisha wapangaji wasiolipa," Bhoke akamjibu, akicheka, na mambo yakaishia hapo. Lakini moyoni lilimuuma kidogo kwamba mumewe hajawahi hata mara moja kuja kuona kazi yake.

Jumatano moja ya mwezi wa nane, Zablon seremala alibisha hodi uso umevimba kama andazi, jicho moja limefumba kabisa.

"Nyar Kuria, niokoe!"

Alikuwa ametengeneza kabati kubwa la nguo kwa ajili ya mzee Abdinasir, mfanyabiashara wa vitambaa pale mjini. Lilikuwa zawadi ya bintiye Sumeya, aliyekuwa anaolewa Kendu Bay Jumamosi ile. Kabati lilikuwa limekaa wiki tatu kwenye kibanda cha kazi uani kwa Zablon, tundu la kitasa likiwa wazi bado. Kundi la nyuki likapita, likaona chumba kikavu chenye giza na harufu nzuri ya mbao, likaingia. Zablon alidhani wataondoka wenyewe. Walipokataa, akachoma kipande cha tairi chini ya kabati. Baadhi ya nyuki wakatoka wakaishukia kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi kanisani ng'ambo ya barabara. Waimbaji wa besi ndio waliotangulia kukimbia.

Asubuhi hiyo hiyo Abdinasir alikuwa amekuja kuona kazi. Zablon alikuwa amelifunika kabati kwa turubai.

"Vanishi haijakauka, mzee."

Abdinasir aliinamisha sikio. "Fundi, mbona kabati inaimba?"

"Ni upepo, mzee."

"Upepo gani, na majani yote yametulia?"

Nyuki mmoja akajipenyeza chini ya turubai, akatua juu ya kofia ya mzee. Abdinasir akasimama kimya, bila kupepesa jicho, mpaka nyuki akaenda zake. Kisha akasema, "Ijumaa saa nne gari inakuja. Nataka kabati. Sitaki kwaya."

Bhoke alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akachukua vifaa vyake na mzinga mtupu.

Nyumbani kwa Zablon alipokewa na mkewe, Truphena, ambaye naye alikuwa na mashtaka yake. Kwenye boriti za baraza palikuwa na matundu ya mviringo, na nyuki mweusi mnene aliingia na kutoka kama mwenye nyumba. Mwingine wa rangi ya dhahabu alisimama hewani mbele ya uso wa kila mgeni.

"Huyo wa dhahabu ni dume," Bhoke akamweleza. "Anatisha tu, hana mwiba. Jike mweusi ndiye anayeweza kukuuma, lakini mpaka umshike kwa mkono. Ngoja watoke, uzibe matundu, upake boriti rangi. Hawapendi mbao iliyopakwa rangi. Na uwaachie gogo kavu kule nyuma ya nyumba."

"Seremala anatobolewa nyumba!" Truphena akasema, akimtazama mumewe kwa pembe ya jicho.

Kwenye ukuta wa udongo wa jikoni palichomoza kimrija chembamba cha nta, na vidudu vidogo kama inzi vikawa vinapita humo. Truphena alikuwa amekwisha kukanda udongo wa kukiziba.

"Usithubutu!" Bhoke akamzuia. "Hawa nao ni nyuki, ila hawaumi kabisa, labda waingie tu kwenye nywele. Asali yao ni kidogo na ina uchachu, lakini watu wanaitafuta kwa kikohozi. Hao ni wageni wa baraka."

Jua lilipoanza kuinama, Bhoke akaanza kutoa amri. Mbuzi wakafungwe mbali, watoto waingie ndani, madirisha yafungwe, mtu asipige kelele. Zablon alitaka kusaidia, Bhoke akamkataza: mwili ulioumwa mara nyingi vile usijaribiwe tena. Hapo ndipo akagundua kwamba amesahau nyumbani mfuko wa kinyesi kikavu. Akapiga simu.

Omanga alikuja nao mwenyewe kwa boda boda, moja kwa moja kutoka kinuni, koti lake jeupe kwa unga. Alikusudia kuutupa mfuko getini arudi.

"Nahitaji mtu wa kushika moshi," Bhoke akasema.

"Mimi? Na hizi nguo?"

"Hizo ndizo nzuri. Nyuki anachukia rangi nyeusi. Wewe leo umevaa vizuri kuliko mimi."

Omanga akavaa chandarua cha akiba, akashika bomba la moshi kwa mikono miwili. Bhoke akafungua milango ya kabati polepole. Masega saba meupe yalining'inia pale ambapo Sumeya angetundika nguo zake, na nyuki wameyafunika kama blanketi. Omanga akapuliza moshi, Bhoke akakata sega la kwanza, akalifunga kwa uzi wa katani kwenye fremu ya mzinga, akashika la pili.

Kwenye sega la nne Omanga akanong'ona, "Bhoke. Mmoja ameingia kwa neti."

"Usimpige! Ukimpiga ataita wenzake. Tembea polepole mpaka jikoni, ufunge mlango."

Omanga akaondoka kwa hatua za mtu aliyebeba mayai. Jikoni kukasikika "Yawa!" moja kubwa ya maumivu, kisha kimya. Bhoke akaendelea peke yake, moshi ukipungua na mvumo wa nyuki ukipanda. Hakudhani kwamba atamwona tena mumewe jioni ile.

Mlango ukafunguka. Pua ya Omanga ilikuwa nyekundu kama nyanya.

"Nimekwangua mwiba kwa kucha, vile huwa unasema," akasema. "Lete hiyo kitu ya moshi."

Bhoke akampa bomba, wakaendelea. Baada ya sega la mwisho, nyuki waliokuwa mlangoni mwa mzinga wakainua matako juu wakaanza kupepea mbawa, wakiwaita waliobaki nje.

"Malkia ameingia," Bhoke akasema. "Ona, wanafuata wenyewe."

Wakasimama pamoja wakitazama mstari wa nyuki ukiingia mzingani, taratibu kama waumini. Giza liliposhika, mzinga ukapelekwa kwenye shamba la miwa, mbali vya kutosha wasirudi.

Alhamisi kutwa Zablon na Truphena walikwangua nta na kusugua kabati kwa maji moto na sabuni, maana harufu ikibaki huita kundi jingine. Zablon akafunga kitasa kabla ya chai ya saa kumi. Ijumaa Abdinasir akafungua milango, akaingiza kichwa, akavuta pumzi.

"Inanukia asali."

Zablon akafumba lile jicho lililokuwa wazi.

"Haya," mzee akasema, "nyumba ya bi harusi inukie nini tena?"

Wiki iliyofuata Sumeya mwenyewe alimpigia Zablon simu kutoka Kendu Bay kushukuru. Mama mkwe wake, alisema, alikuwa amemuuliza mara mbili anatumia manukato gani kwenye nguo zake.

Na kule kinuni Omanga alikuwa akiwasimulia wateja habari za sega la nne, kila siku kwa nyuki wengi zaidi. Mtu mmoja wa Karungu, aliyekuja kusaga, akamwambia kwamba kwao nyuki wamejenga chini ya mashua iliyopinduliwa, na hakuna anayethubutu kuigusa.

"Tutakuja Jumanne," Omanga akamjibu bila kumuuliza mtu, akaendelea kupima unga.