Mbuzi Hawahesabiwi

Nina kalamu nyekundu ambayo mume wangu huiita panga. Hakosei. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Garissa kalamu ile ilifanya kazi nyingi kuliko mimi.

Darasa langu lilikuwa gredi ya pili, watoto zaidi ya arobaini. Nyumbani wanaongea Kisomali, Kiswahili wanakiokota sokoni, na Kiingereza wananingojea mimi. Kitabu cha Hisabati nacho kimeandikwa kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Kuhesabu moja hadi mia walijua, tena kwa kuimba, mpaka mabati yanatetemeka. Lakini ukiuliza kwa Kiingereza zipi ni nyingi kuliko zipi, zipi ni chache, ngapi zimebaki, wote tuli kama maji mtungini. Hesabu yenyewe haikuwa shida. Shida ilikuwa maneno yake.

Nikajiambia, maneno haya nitayatafuta nyumbani kwao. Ijumaa moja nikawapa kazi: hesabu mifugo ya kwenu, uje na sentensi moja ya Kiingereza ya kusema ni wangapi. Nilijiona mjanja kweli. Mtu wa Kitui, nimeletwa nchi ya wafugaji, nimewapa watoto hesabu ya mifugo. Nani angeshindwa?

Jumatatu watoto wa mjini waliniandikia paka. Mmoja alikuwa na kuku watatu, nikampa alama zote. Msichana mmoja wa dawati la mbele alileta ukurasa mtupu. Alikuwa ametoka Bura, ile ya Fafi, ambako baba yake anachunga, na hapa mjini aliishi kwa shangazi yake anayeuza maziwa ya ngamia. Siku ya kumleta shuleni, shangazi aliniambia wazi kwamba baba amekubali muhula mmoja tu. Masomo yasipomwingia, mtoto anarudi kwa mbuzi.

"Kwenu mbuzi ni wangapi?" nikamuuliza.

Akatazama vidole vya miguu yake. Nikauliza kwa Kiingereza, nikauliza kwa Kiswahili, nikauliza na kwa Kisomali changu kile cha kuombea chumvi kwa jirani. Nikamrudisha na kazi ileile, na Jumanne akaja na ukurasa uleule. Jumatano vilevile. Nilikasirika, nikachomoa panga langu na kuandika kwenye ripoti yake: hajui namba.

Alhamisi shangazi akasimama mlangoni na dumu lake la maziwa. Tukasalimiana, akaniuliza habari za watu wangu mmoja mmoja, ndipo akafika alikokuwa anakwenda.

"Mwalimu, mimi sikuja gombana. Hii mtoto namba anajua. Lakini mbuzi ya baba yake hawezi taja."

"Kwa nini?"

"Mbuzi haihesabiwi, mwalimu. Ukisema ni ngabi mbele ya watu, unaita jicho. Fisi inachukua, ukame inachukua. Sasa baba yake amesikia hii kitu shule inafanya, na hakubenda. Siku ya soko ya mifugo anakuja kumchukua."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Kilichonichoma zaidi ni kwamba nyanya yangu mwenyewe kule Kitui hakuruhusu wajukuu wake wahesabiwe. Mgeni akiuliza ni wangapi, nyanya alijibu, "Wapo," na kuendelea kuchagua ndengu zake. Nimelelewa na mwiko huohuo, halafu nikaja kumwadhibu mtoto wa watu kwa kuushika. Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza.

"Basi jioni mnajuaje kama mmoja amepotea?" nikamuuliza shangazi, nikiwa nimechelewa siku sita.

Akanicheka. "Tunaangalia. Ile midogo inabaki nyumbani, mama inaenda malisho. Jioni kila mtoto inatafuta mama yake. Ikibaki moja inalia, wewe unajua mama iko kichakani. Namba ya nini?"

Ijumaa nilikuja darasani na karai la kokoto, kubwa kwa ndogo. Nikawaketisha sakafuni. Kubwa ni mama, nikawaambia, na ndogo ni watoto, na leo sitaki kusikia namba hata moja. Kila mtoto apate mama yake. Nikawaacha waongee Kisomali kwanza, wawili wawili. Zilipigwa kelele hizo mpaka naibu wa mwalimu mkuu akachungulia dirishani, akidhani nimetoka. Walipokwisha kuelewana, nikawapa maneno ya Kiingereza moja moja, nao wakayasema huku mkono uko juu ya kokoto: kila mmoja ana wake, hawa ni wachache kuliko wale, mmoja amebaki.

Yule msichana ambaye sikuwahi kusikia sauti yake alikuwa anamsahihisha jirani. Nilipomwita mbele, alipanga kokoto zake bila haraka, akasema kwa Kiingereza, neno baada ya neno, "Mama ni wachache kuliko watoto. Mama mmoja hayupo." Nilifurahi, jamani. Ile ripoti niliichana jioni hiyohiyo.

Lakini ripoti haikuwa na uzito kwa baba. Siku ya soko alifika darasani kwangu na dada yake, mtu mrefu, fimbo mkononi, na begani amebeba begi la nguo la binti yake. Alikuwa amepitia kwa dada yake kulichukua kwanza.

Nikaanza mimi. "Nilikosa. Desturi yenu sikuijua, na sikuuliza." Shangazi akatafsiri. Baba akaitikia kwa kichwa, ila begi hakulishusha.

Nikamwita mtoto, akamwaga kokoto miguuni pa baba yake. Baba akalaza fimbo chini, akachuchumaa. Binti alipogeuka kuisogeza fimbo iliyokuwa njiani, baba akaokota kokoto moja kubwa na kuifumbata. Msichana akaanza kuzipanga, kila mtoto na mama yake, mpaka ikabaki ndogo moja, peke yake. Akasema sentensi yake ya Kiingereza. Baba akamtazama dada yake amtafsirie, lakini aliyemjibu ni binti mwenyewe, kwa Kisomali, na mwishoni akamwonyesha kile kiganja kilichofumbwa. Shangazi akaangua kicheko.

"Anasema, aabo, yaani baba, mama yake iko mkononi yako."

Baba akafumbua mkono. Akairudisha kokoto karibu na ile ndogo, taratibu. Kisha, bado amechuchumaa, akaniinulia macho na kunisemesha kwa Kiswahili ambacho kumbe alikuwa nacho muda wote.

"Mwalimu, wewe uko na watoto wangabi?"

Namba ilikuwa imeshafika ncha ya ulimi. Nikaimeza.

"Wapo," nikasema.

Alinitazama kidogo, akatabasamu upande mmoja. "Mashallah." Akasimama, akashusha begi begani na kumpa dada yake alirudishe nyumbani, halafu akamwonyesha binti yake dawati.