Kumtembeza Mgonjwa Hadi Mlango wa Upasuaji

Siku yangu ya kwanza kazini katika hospitali ya Kilosa walikuwapo Sista Agnesi aliyekuwa mkuu wa wodi ya wanawake, daktari wa upasuaji, Bi Zaituni wa Chanzuru, aliyetolewa uvimbe tumboni, mwanawe Hamisi, na mimi, mhudumu mpya niliyeacha shule darasa la tano, wazazi walipofariki, ili niwalee wadogo zangu.

Bi Zaituni alikuwa ametoka kwenye nusu kaputi, ile dawa ya usingizi, na alikuwa akilia. Daktari akauliza kama amechomwa sindano ya maumivu.

"Amechomwa sawa na jirani yake," Sista akajibu. Jirani wa kitanda cha pili alikuwa amelala zake.

Bi Zaituni akamtazama mwanawe. "Ulisema sindano tu, Hamisi. Hukusema kisu."

"Nilikuhurumia, mama."

Nje Sista akaniambia, "Kidonda ni kilekile. Ila aliyedanganywa anakaza mwili mzima, anangoja uongo mwingine. Maumivu yanapanda."

Ndugu wengi walikuwa hivyo, wakidhani kuficha ndiyo huruma. Kwa hiyo tangu siku ile wodi yetu ikawa na desturi ya kumtembeza mgonjwa. Kila jioni ya kuamkia upasuaji nilimshika mkono hadi mlango wa chumba cha upasuaji, nikamwonyesha kitanda cha magurudumu, nikamweleza: utazinduka na kiu, kidonda kitawaka moto, ukitaka kukohoa bana mto tumboni. Mwisho nilimtajia atakayekuwa ameketi pembeni yake. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Madukani sabuni za kila rangi, wodini mgonjwa anaambiwa aje na glovu na nyuzi zake. Dawa za maumivu zilikuja kwa kusuasua, lakini kutembezwa hakukuisha.

Kisha ikafika zamu ya Rehema, kitinda mimba wetu, kwa kidole tumbo. Mama yetu aliingia chumba kilekile, hakutoka hai, na Rehema alilijua hilo.

"Nimwambie ni sindano?" nikamuuliza Sista.

"Na wewe umekuwa Hamisi?"

Nikajaribu kumtembeza, machozi yakanitangulia. Rehema akaanza kutetemeka. Sista akautoa mkono wa Rehema mkononi mwangu.

"Dada mkubwa, kafue mashuka. Uso wako huo utamuuma kuliko kisu." Akamgeukia Rehema. "Mama yako aliletwa amechelewa. Wewe umewahi. Itauma, na ukifumbua macho utaniona mimi."

Kesho yake, Rehema alipotolewa chumbani, zamu ya Sista ilikuwa imekwisha, lakini hakuondoka. Nilipoitwa, nilimkuta ameshikwa kidole na Rehema aliyebana mto tumboni.

"Inauma, dada," Rehema akasema, "lakini niliambiwa itauma." Akafumba macho, akalala.

Nilihudumu chini ya wakuu wa wodi wanne, Kilosa na baadaye kituo cha afya cha Mikumi, nikipokea madereva wa malori waliovunjika. Kila mmoja nilimweleza kwanza, ndipo nikamshika mkono.

Nilipostaafu nilimfuata Sista Agnesi, anayeuza vitunguu barabarani hapo Mikumi.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Umekuja kununua au kukaa?"

"Nimekuja kusema kwamba siku ukipasuliwa, nitakayekaa pembeni ni mimi."

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Sasa unaniombea kisu?"

Rehema ana wajukuu sasa. Sista bado anabeba magunia yake mwenyewe, hana hata jino linalouma, nami kila asubuhi namshukuru Mungu kwamba deni lake bado ninalo.