Simu Iliyoko Kabatini

Mathias hasikii la mtu. Tunapanga fremu moja hapa Korogwe: mimi Josefina na cherehani yangu mlangoni, yeye na kompyuta yake kule nyuma, anatengeneza programu za simu.

Wakulima wa machungwa wa Misima walitaka programu ya kupangia zamu za kupakia lori. Mwenyekiti wao, Mama Mwatumu, alimpa Jumamosi moja tu. Ikifunguka kwenye simu za wanachama, kazi ni yake. Ikigoma, wao wanarudi kwenye daftari, naye anarudi Kerenge kulima na baba yake. Mathias na jembe, wapi na wapi!

Programu ilikuwa tayari kabisa. Jumatano, lugha ya kompyuta anayoandikia ikatoa mitindo mipya ya uandishi.

"Dada, mistari kumi sasa inakuwa mitatu!"

Akafumua yote, akaandika upya. Mimi nikifumua gauni la bibi harusi siku tatu kabla, si napigwa? Nikamwambia aijaribu kwanza kwenye simu yangu. Akautazama ufa wa kioo chake, akacheka.

"Hii ni ya makumbusho, dada. Misima niliwauliza mmoja mmoja, wote wana simu mpya."

Jumamosi tukaenda wote, maana nilikuwa na sare za kikundi chao za kupeleka. Programu ikafunguka, ikajifunga. Ikafunguka tena, ikajifunga. Simu zote za zamani, nyingine zimefungwa kwa mpira.

"Si mlisema mna simu mpya?" Mathias akauliza.

"Tunazo," akasema Mama Mwatumu. "Yangu kaniletea mwanangu Husna, ipo kabatini, ndani ya boksi lake. Inatoka siku ya harusi. Niende nayo shambani, nina wazimu?"

Nilimwonea huruma, jamani. Kumbe kuna kitu cha kuwasha, kinayageuza maandishi mapya ili simu za zamani ziyaelewe. Alikiacha kwa maringo tu, eti kinanenepesha programu! Akafungua kompyuta, akakiwasha, akaninyooshea mkono bila kunitazama.

"Dada, naomba simu yako tujaribie."

Nikaibana kifuani. "Ipi? Ya makumbusho? Ina kiingilio."

Mathias, ninayemzidi miaka miwili tu, akapiga goti mbele ya kikundi kizima.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikasema, nikampa.

Ikafunguka, ikatulia. Mama Mwatumu akaisogelea, akachungulia zamu yake juu ya ule ufa, kisha akatoa ya kwake, akafungua mpira.

"Haya, baba. Na hii."