Siku Nilipoandika "Hakuna"

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda milimani hadi kijiji cha Maguu, nilisimama kwenye kikao cha asubuhi nikiwa na daftari mkononi na furaha tele. Nilikuwa muuguzi kijana katika hospitali ya misheni huku Mbinga. Daktari bingwa aliyekuwa akitutembelea alikuwa ameanza kuwapasua wagonjwa wa uti wa mgongo. Watu walioletwa kwa machela walirudi kwao kwa miguu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kazi yangu ilikuwa kuandika madhara yaliyotokea baada ya upasuaji, na mbele ya kila jina niliandika "hakuna."

Nilipomaliza kusoma, daktari alitabasamu. Mama Ndunguru, muuguzi mkuu wetu, hakutabasamu.

"Binti, madhara ni nini?"

"Ni mtu kufa, mama. Au kupooza, au kidonda kutunga usaha."

"Na anayejikojolea bila kujua?"

Akaeleza kwamba jana yake sokoni alikutana na mume wa Mama Anastasia. Mama huyo alikuwa akiuza usipa, vile vidagaa vya ziwani, kule Mbamba Bay, na tulikuwa tumemruhusu wiki chache nyuma. Mkojo ulikuwa ukimtoka, naye aliona haya kutuambia, maana tulikuwa tumemshangilia sana.

"Siku anaondoka ulimuuliza nini?"

"Nilimuuliza kama anajisikia vizuri."

"Sasa hapo angekujibu nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Daktari alikuwa ameshasimama. "Mkojo ukitoka hivyo, huenda mishipa ya fahamu imebanwa. Mfuateni sasa hivi."

Tuliteremka na Landrova kwenda ziwani, mimi na dereva. Tulimkuta Mama Anastasia ameketi mkekani, karibu na kichanja cha usipa. Nilimwamkia, kisha safari hii nikamuuliza jambo mojamoja: mkojo, choo, homa, ganzi, nguvu za miguu. Nikamwomba anyanyue mguu wa kushoto. Haukunyanyuka.

"Nilidhani kupona ndiko huku," aliniambia.

Tulimpakia garini tukarudi naye, na alasiri ileile daktari alimpasua tena, akakuta usaha umekandamiza mishipa. Siku ya tatu nilimkwaruza wayo taratibu, na kidole gumba kikacheza.

"Unanitekenya, mwanangu," akasema.

Mwanangu, nilikimbia koridoni kumwita Mama Ndunguru, na kukimbia hospitalini kulikatazwa. Hadi leo nikisimulia hili nashindwa kutulia kitini.

Baada ya hapo tulikaa watatu, daktari, Mama Ndunguru na mimi, tukakubaliana maana ya madhara. Madhara ni jambo lolote baya linalojitokeza baada ya upasuaji ambalo mgonjwa hakuja nalo, hata kama hatuna hatia, hata kama litapita lenyewe. Tukaandika pia uzito wake: lililopita bila tiba, lililohitaji dawa, lililomrudisha kwenye meza ya upasuaji, lililoacha ulemavu, na kifo. Tukapanga siku za kuwauliza wote maswali yaleyale. Tukawafuata waliokwisha kuondoka, hadi vijiji vya Ruanda na Mpepai humu humu Mbinga, na "hakuna" zangu nyingi zikafutika. Niliogopa tutaaibika. Daktari alifurahi, akasema sasa anaona pa kurekebisha, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kabla ya kupimwa miguu na kuulizwa habari ya mkojo.

Mama Anastasia aliondoka akitembea na fimbo. Mkojo ulikuwa umetulia, ila mguu wa kushoto uliburuta kidogo.

"Na huu mguu uuandike," alisema.

Niliuandika mbele yake.

Basi wewe unayeanza kazi, nisikilize. Kabla hujahesabu, kubalianeni mnahesabu nini. Uliza wazi, uliza kila mtu sawa, na urudi kuuliza hata baada ya mgonjwa kufika kwake, kwa sababu mwenye shukrani huficha maumivu yake. Usimfutie mgonjwa alichopata ili jina lako lipendeze. Ukikiandika, atakayepasuliwa kesho ana nafasi ya kupona vizuri zaidi.

Mungu akupe moyo wa kuuliza unachoogopa kusikia, aiongoze mikono yako, na wale utakaowauguza wasimame kwa miguu yao.