Kovu Liachwe

Picha iliingia kwenye kundi la WhatsApp la familia saa nne asubuhi. Sarah Magesa alikuwa amesimama nyuma ya mteja, saluni kwake Mbalizi, vidole vimejaa rasta. Akaifungua kwa kidole gumba, akamwona mwanamke mweupe mwenye midomo myekundu, hereni za lulu na gauni la kijani lililoacha mabega wazi. Akadhani ni tangazo la vipodozi. Alikuwa anataka kuifuta ndipo akasoma maneno ya chini: "Pumzika kwa amani mama yetu mpendwa, Minza Magesa."

Hakukuwa na kiti karibu. Akakalia ndoo ya maji ya kuoshea nywele.

"Vipi, dada, kuna msiba?" mteja akauliza.

"Msiba ulishapita," Sarah akajibu. "Huu ni mwingine."

Sasa tuelewane kuhusu huyo Minza. Alikuwa Msukuma mweusi tititi, aliyetoka Shinyanga na mumewe mzee Magesa wakiswaga ng'ombe hadi bonde la Usangu, wakatua Ubaruku. Alikuwa na mwanya ambao watu waliutaja kabla ya kulitaja jina lake. Mabega yake hayakuonwa na mtu yeyote nje ya nyumba yake, maana hata juani hakuachana na kitenge chake cha kujitanda. Na kwenye shavu la kushoto, kuanzia kwenye kipaji cha uso hadi chini ya taya, alikuwa na kovu la moto, nene, lililovuta kona ya jicho kidogo.

Mwanamke wa kwenye picha hakuwa na kovu. Hakuwa na mwanya wala kasoro yoyote. Hata kope alikuwa nazo nyingi kuliko binadamu anavyohitaji.

Na ndugu wakafurahi! Hilo ndilo lililomchoma Sarah kuliko yote. Mioyo ilimiminika chini ya ile picha. "Jamani mama kapendeza!" "Kama staa vile!" Binamu mmoja, bila hata chembe ya haya, akaomba namba ya fundi aliyemtengeneza, maana naye ana bibi mgonjwa. Ikafuata sauti ya Charles, mdogo wake Sarah, mfanyabiashara wa Makongolosi, akieleza kwamba tisheti zimeshachapwa na kigae cha kubandika kaburini kiko tayari. Jumamosi ya wiki inayofuata watu wote Ubaruku, kaburi la mama linazinduliwa.

Tuseme ukweli, Sarah mwenyewe si malaika kwenye mambo haya. Kuta za saluni yake zimejaa mastaa. Wateja huingia na simu mkononi, wakamwonyesha msanii fulani wa Dar es Salaam, wakasema, "Nataka kama huyu," na Sarah huwachonga nyusi, huwabandika kope, huwavisha mawigi, wakatoka wakitembea kwa madaha na yeye mwenyewe akiwapiga picha. Simu yake ina vichwa vya watu maelfu. Cha mama yake kina picha mbili tu, na zote ni za kisogoni, siku alipomsuka. Minza hakupenda simu. Alikuwa akisema simu inakupiga hujajiandaa.

Kwa hiyo picha aliyokuwa nayo Charles, aliyoipiga mama akiwa hana habari, ndiyo pekee iliyoonyesha uso wake. Sarah alimalizia kichwa cha mteja, akafunga saluni, akaenda Mwanjelwa, mahali Charles alipopataja kundini, kumtafuta huyo fundi.

Alimkuta kwenye chumba kidogo chenye kompyuta mbili. Anaitwa Ezron, mwanamume wa miaka thelathini hivi, mpole, na kubwa kuliko yote, anajivunia kazi yake.

"Dada, ile ni ya viwango," alisema, akaifungua picha ikajaa kioo kizima. "Gauni hili alilivaa yule msanii kwenye tuzo. Nimelichukua kama lilivyo."

"Na mabega?"

"Yamekuja na gauni."

"Kwa hiyo mama yangu atalala Ubaruku na mabega ya msanii wa Dar?"

Ezron akacheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha.

"Na meno umeyafanyaje?"

"Pale kulikuwa na uwazi kidogo, nikauziba."

"Uwazi?" Sarah akaja juu. "Ule ni mwanya! Baba yangu aliongeza ng'ombe wa mahari kwa sababu ya mwanya ule! Nani alikutuma uuzibe?"

"Hakuna aliyenituma, dada. Kaka yako alisema nitoe kovu tu. Hayo mengine nimeongeza mwenyewe, bure."

Bure! Sarah aliomba aonyeshwe picha ya mwanzo, ile yenyewe. Ezron akakuna kichwa. Aliifanyia kazi humo humo, akahifadhi juu yake, kisha akasafisha kompyuta. Sarah akampigia Charles papo hapo. Charles akasema simu yake ya zamani ilitumbukia shimoni mwezi uliopita, huko kwenye machimbo ya dhahabu, na kila kitu kimekwenda nayo.

"Charles, wewe ndiye uliyesema kovu litoke?"

"Dada, watakuja watu wengi. Makongolosi yote inakuja. Unataka wakae pale waulizane mama yetu aliungua na nini?"

"Wakiuliza si utawajibu?"

Charles akakata simu.

Sarah alibaki ameishikilia sikioni kama mtu aliyepigwa kofi. Angekuwa ni mtu mwingine, angesema ni ulimbukeni wa hela, yakaisha. Lakini Charles! Mwaka themanini na tisa nyumba yao ya nyasi ilishika moto mchana. Sarah alikuwa na miaka sita, alikuwa uani. Charles alikuwa wa miezi mitano, amelazwa ndani. Minza alikuja mbio kutoka kwenye jaruba la mpunga na khanga yake inachuruzika maji, akaingia bila kumuuliza mtu. Alipotoka, mtoto alikuwa kifuani, amefunikwa na khanga, hana hata lengelenge. Mti wa paa ulikuwa umemwangukia mama usoni. Sarah aliyaona hayo kwa macho yake. Na leo mtoto yule yule, mwenye ndevu na gari, amelipa mtu alifute kovu!

Siku tatu hakula vizuri. Aliwaandikia ndugu kwamba yule si mama, wakamjibu kwamba ana wivu kwa sababu Charles ndiye aliyegharimia. Shangazi mmoja akamwambia aache kuwaaibisha, marehemu naye ana haki ya kupendeza. Kupendeza! Kana kwamba kwa miaka karibu sabini Minza alikuwa akitembea na uso wa kuazima, sasa ndio kapewa wa kwake.

Usiku wa tatu akakumbuka Iringa. Mwaka elfu mbili na tatu, alipohitimu chuo cha ususi na urembo kule, mama yake alisafiri kuja kumpongeza, na wakaenda studio ya Mhindi mmoja mjini, mzee Mulji. Minza alikaa kwenye kiti akapigwa picha peke yake, amejiandaa, kitenge kimekaa sawa. Sarah alikuwa nje akinunua soda. Ile picha ilining'inia Ubaruku miaka mingi hadi mchwa walipoila na fremu yake, lakini huenda filamu yake ilibaki studio.

Asubuhi akaandika kwenye mlango wa saluni "Nimefunga", akapanda basi la Iringa.

Studio ilikuwepo. Siku hizi ni ya Kartik, mtoto wa Mulji, na kazi yake kubwa ni picha za pasipoti na kutoa kopi za vyeti. Mzee mwenyewe alikuwa hai, amekaa mlangoni na shali mabegani kwa ajili ya baridi. Sarah akamwamkia, akaeleza, na ili aeleweke akamwonyesha ile picha ya simu. Mulji akaisogeza karibu na miwani, akaiangalia kwa muda mrefu.

"Hii nzuri sana," akasema. "Lakini ndani hakuna mtu."

Sarah alitaka kulia kwa kusikia binadamu mmoja, mmoja tu, akisema hivyo.

"Ila na sisi tulisafisha, binti, nisikudanganye," mzee akaendelea. "Kwa penseli, juu ya filamu. Madoa, chunusi, mikunjo. Lakini tuliuliza kwanza. Kila mteja namwambia: nisafishe au niache? Anachosema naandika kwenye bahasha, fundi wangu asije akakosea."

Filamu zilikuwa nyuma, kwenye makopo ya bati ya biskuti, kila mwaka na makopo yake. Kartik aliacha wateja wake wakimsubiri, akapekua zaidi ya saa nzima. Alirudi na bahasha ya kaki iliyochakaa kwenye kona. Akaitoa filamu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye filamu watu weusi huonekana weupe, na huo ndio weupe pekee ambao Minza aliwahi kuwa nao. Lakini mwanya ulikuwepo. Kovu lilikuwepo, lote, hadi chini ya taya.

Mulji alikuwa anasoma bahasha.

"Charles ni nani?" akauliza.

"Mdogo wangu. Kwa nini?"

Akampa. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko uliolala: "Mama Sarah, Ubaruku. Kopi moja. Kovu liachwe. La Charles."

Sarah aliisoma mara tatu. Akamwona mama yake amekaa kwenye kile kiti, ameulizwa swali na mtu asiyemjua, na anamjibu bila hata kufikiri kwamba lile si lake la kutoa. Akalia pale pale kaunta, mbele ya watu wa pasipoti. Alilia kwa hasira, na hakuona aibu.

Jumamosi alifika Ubaruku na fremu kubwa aliyoifunga kwenye kitenge. Muziki ulikuwa umeshawashwa. Watu wa Makongolosi walikuwa wamejaa, kila mmoja na yule mwanamke mweupe kifuani, na mabinti walikuwa kwenye foleni ya kujipiga picha na bango lake. Kaburi lilikuwa limejengwa vizuri, hilo tumpe Charles haki yake. Lakini kigae kilikuwa kimeshabandikwa, na mabega yale wazi yalikuwa yanaliangalia zizi la ng'ombe la mzee Magesa.

Charles alimwona akija, akamkimbilia kabla hajafika kwa watu.

"Dada, nakuomba. Usinivunjie shughuli."

Sarah hakubishana. Akamkabidhi bahasha.

Charles akaisoma. Alipofika mwisho akarudi mwanzo. Akageukia zizini ili wageni wasimwone.

"Mimi kila nikimwangalia mama," akasema, "namwona nilivyomfanya. Miaka yote. Nikasema basi, akifa apumzike nalo."

"Uliyetaka apumzike ni wewe," Sarah akamjibu. Hakumhurumia, na mimi simlaumu. "Yeye hakuwa amechoka. Soma tena hapo."

Charles hakusoma tena. Alitembea hadi kaburini, akamwita Filemoni, fundi aliyelijenga.

"Bandua hiki."

"Saruji imeshakamata, bosi. Kitavunjika."

"Kivunjike."

Muziki ulizimwa. Shangazi akashika kichwa. Filemoni alichukua nyundo, akakitazama kigae, akarudi nyuma.

"Nisameheni," akasema. "Mimi siwezi kumpiga marehemu usoni."

"Huyo si marehemu," Sarah akasema. "Huyo hajawahi kuishi. Lete hiyo nyundo."

Charles akapiga magoti kwenye vumbi na suti yake, akaishika tindo. Sarah akapiga. Pigo la kwanza liliondoka na hereni na nusu ya gauni. Akapiga tena, na tena, akimkumbuka kila aliyetuma moyo kwenye kundi la familia, hadi ukutani pakabaki saruji tupu. Kisha akafungua kitenge, akaisimamisha fremu pale pale, na Filemoni, sasa bila kusita, akaanza kukoroga saruji ya kuishikiza.

Minza aliwatazama wote: mweusi, mwanya wazi, kitenge hadi shingoni, shavu la kushoto limekunjamana.

Watu walisogea. Mwanamke mmoja wa Makongolosi, aliyevaa tisheti iliyomfika magotini, akaangalia fremu, akaangalia kifua chake mwenyewe, akauliza kwa sauti, bila ubaya:

"Jamani, huyu mama aliungua na nini?"

Sarah alilijua jibu tangu ana miaka sita. Hakulitoa. Aliweka nyundo chini, akamgeukia mdogo wake, akasubiri, na wote waliokuwepo wakageuka wakamtazama Charles pamoja naye.

Charles aliinuka, magoti meupe kwa vumbi.

"Nyumba iliwaka," akasema. "Na mimi nilikuwa ndani."