"Rudi, Bree!": Kelele za dereva zilizompeleka binti chuoni

Saa tisa alasiri, na upepo wa Februari unaupiga mji mdogo wa Plum Fork kana kwamba una kisasi nao. Lorna Unruh amesimama juu ya bampa ya basi la shule, anakwangua barafu kwenye kioo kwa ufagio mkuukuu. Injini inanguruma. Wasichana wanakuja mbio na mabegi yao.

"Haya pandeni, au mnasubiri kubebwa?" anawafokea. "Bree, kofia iko wapi?"

"Nina nywele, Bi Lorna."

"Nywele si kofia! Panda!"

Lorna ana miaka sitini na mmoja. Ameajiriwa kuendesha basi, basi. Lakini wakifika uwanjani huanza kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma: hupanda hadi benchi la juu kabisa, hufunga simu yake kwenye nguzo kwa kibanio cha nywele, na kurekodi mchezo wa mpira wa kikapu wa wasichana tangu mwanzo hadi mwisho.

"Huku magharibi mwa Kansas, ukimwona kocha wa chuo ujue amepotea njia," anasema akicheka. "Wote wanaishia Wichita, kwenye jiji kubwa. Sasa mtoto watamwonaje? Ndotoni?"

Na vyuo vipo. Jimbo limejaa vyuo vidogo, vya kanisa na vya miaka miwili, vinavyotafuta wachezaji wa hapahapa nyumbani na kuwalipia masomo. Kazi ni kuonekana.

Bree Schrag, aliye mwaka wa mwisho wa sekondari, alikuwa hajaonekana na yeyote. Baba yake anafuga ng'ombe peke yake, na mgongo wake ni mbovu. Kwa hiyo chuo cha jimbo jingine hakikuwa cha kufikiria. Lazima binti aweze kurudi wikiendi kumsaidia. Asipopata ufadhili, ilimngoja kazi ya kupima uzito wa malori kwenye ghala la ngano.

"Si kazi mbaya," anasema Bree. "Ila nilikuwa najifungia chooni nikilia."

Desemba alichagua vipande vya video vyenye vikapu vyake vitamu tu. Kwa kuwa vyote vilikuwa kwenye simu ya Lorna, akamwomba avitume kwa Yolanda Mabry, kocha wa Chuo cha Walnut Bluff.

Lorna, miwani kaisahau nyumbani, akabonyeza siyo. Ukaenda mchezo mzima, tena ule waliofungwa vibaya, Bree akikosa mrusho baada ya mrusho. Na juu ya yote, sauti ya Lorna mwenyewe: "Rudi, Bree! Rudi ukabe! Kulia utalia Jumapili, kanisani!"

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema Bree. Alihama kiti chake cha mbele, akaenda kukaa nyuma kabisa ya basi, na hakumsemesha Lorna wiki nzima.

Kisha simu ya Lorna ikalia.

"Nani huyo anayepiga kelele kwenye video?" Kocha Mabry aliuliza, hata salamu hakumaliza.

"Ni mimi, dereva. Nisamehe mama, nilikosea kutuma..."

"Usiombe radhi. Nitumie michezo mingine kama huo."

Mabry anaeleza sababu yake: "Wazazi wote hunitumia vikapu vilivyoingia. Ukiangalia, utadhani Kansas nzima hakuna mtoto anayekosa! Mimi nataka kuona anafanya nini akishakosa. Yule binti timu inafungwa, amechoka, ila anarudi mbio kukaba."

Ijumaa moja ya Januari akaja mwenyewe kwenye theluji, akalipa mlangoni kama watu wengine, akanunua bakuli la chili, ule mchuzi mzito wa nyama na maharage, na mkate wa mdalasini. Mkate akauchovya ndani ya chili bila kuuliza mtu, kama wafanyavyo wenyeji wa Kansas. Lorna akashusha pumzi. "Nikasema, alaa, kumbe huyu ni wetu!"

Jioni hiyo Lorna alikuwa ameapa kufunga mdomo asimwaibishe mtoto wa watu. Bree akaanza vibaya. Akakosa, akakosa tena, kisha akasimama palepale, mikono kiunoni, akainua macho kwenye benchi la juu. Lorna alikuwa amejiziba mdomo kwa skafu. Wapinzani wakapita na kufunga kirahisi.

Bree akakosa tena. Akatazama juu tena.

"Nikashindwa," anasema Lorna. "Rudi, we mtoto! Umeota mizizi?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bree akatimka, akampokonya mpinzani mpira chini ya kikapu cha timu yake. Kocha Mabry alicheka hadi chili ikamwagika.

Wiki iliyofuata nafasi ikaja: masomo yamelipiwa, na chuo kiko mwendo wa saa mbili tu kutoka nyumbani. Baba yake Bree, mtu asiye na maneno mengi, aliingia kwenye basi na paja zima la ng'ombe, akaliweka kwenye kiti na kushuka.

Leo Bree amerudi kiti cha mbele.

"Huko uendako, ukikosa, nani atakupigia kelele?" Lorna anamuuliza, macho barabarani.

"Wala usijali. Siku hizi nakusikia hata nikipiga mswaki."

Lorna anapangusa kioo ambacho tayari ni safi. Mwakani ataendelea kurekodi. Wapo wadogo wanaokuja vizuri. Lakini ana hamu moja.

"Nataka siku moja nikae kwenye uwanja wa chuo chake. Akose, halafu mimi ninyamaze kimya. Nimwone akirudi mwenyewe."